Nati moja, jozi nne

Jumamosi iliyopita binti wa dada yangu aliingia karakana na daftari la Hisabati mkononi, sura imekunjamana. Shikamoo yake siku zote huwa ya kuimba. Siku hiyo aliitupa kama mtu anayelipa deni. Nikamwitikia, "Marahaba mama," nikaendelea kupiga randa. Yuko darasa la sita na namjua vizuri: ukimwuliza ana nini, atasema hana kitu, ukinyamaza, atasema mwenyewe. Nikanyamaza. Sijafika nusu ya ubao, daftari likatua juu ya ubao wenyewe, mbele ya randa.

Swali lilikuwa hili: mche wa pembesita sawa una jozi ngapi za nyuso sambamba, yaani zinazotazamana bila kukaribiana wala kuachana? Yeye alijibu 4. Mwalimu kampiga kosa jekundu, pembeni akaandika 1.

"Mjomba, nimehesabu mara tatu."

"Umehesabu kwa kutazama nini?"

"Penseli."

Nilicheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa na penseli ya pembe sita sikioni. Lakini penseli iliyochongwa ina ncha, na ncha inaharibu hesabu. Nikaburuta kopo la vyuma chakavu, nikachakura hadi nikapata nati ya bolti ya milimita 8. Hiyo inafunguliwa kwa spana namba 13, na ile 13 si namba ya kupamba: ni milimita 13 kutoka uso mmoja wa nati hadi uso unaoutazama. Spana ya mdomo wazi ina midomo miwili iliyo sambamba, ndiyo sababu inashika. Kama nyuso mbili za nati zingekuwa zinakaribiana upande mmoja na kuachana upande wa pili, spana ingeteleza kila ukikaza, nawe ungechubuka vidole hadi ujute.

Nikampa spana. Shika. Akashika. Zungusha nati kidogo, shika tena. Akashika. Tena. Mara ya nne akaona amerudi kwenye nyuso zile zile za kwanza, kwa sababu alikuwa ameziwekea alama ya penseli bila kuambiwa. (Mtoto huyu atakuwa fundi, mama yake asisikie.) Jozi tatu za ubavuni. Kisha nikailaza nati mezani: uso wa chini umelala juu ya meza, uso wa juu unatazama dari. Jozi ya nne. Nati ina nyuso nane ukiacha tundu lake, na kila moja ina mwenzake.

"Kwa hiyo mwalimu kakosea."

Hapo nikawa mwangalifu. Mjomba akimwambia mtoto kwamba mwalimu kakosea, Jumatatu habari inafika shuleni ikiwa imeota mabawa. Nikamwambia mwalimu kajibu swali jingine. Ukifundisha mche unasema: ni umbo lenye nyuso mbili zinazolingana na zilizo sambamba, halafu nyuso za ubavuni zinaziunganisha. Hiyo ni sawa kabisa. Ila maelezo hayo yanasema mbili hizo lazima ziwepo. Hayasemi zisizidi.

Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka kichwani, ndiyo maana naliandika hapa badala ya ile habari ya vanishi niliyoahidi. Vanishi itasubiri.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wa huku mche tulianza kuujua dukani kabla ya darasani. Mche wa sabuni. Dada yangu mwingine anaishi Kigoma, na kila akija Tabora kwa treni lazima mzigoni mwake kuwe na dagaa na sabuni ya mawese. Ile miche mirefu ya rangi ya manjano iliyokolea, ukiibeba mkono unabaki na harufu hadi jioni. Nilipokuwa mdogo mama alikuwa akiukata mche kwa uzi. Anauzungusha uzi, anavuta, kipande kinadondoka. Akikata wima, kipande ni mche mwingine, mdogo tu kuliko wa kwanza: uso huu na ule wa pili vinatazamana sawasawa, vipande unavipanga kama matofali na havianguki. Akikata kwa haraka, uzi ukaenda mshazari, kipande kinatoka kirefu upande mmoja na kifupi upande wa pili. Bado ni sabuni, bado inafua, lakini ukikisimamisha kwenye kitako chake, juu kuna mteremko. Si mche kama ule wa kwanza tena. Zile nyuso nne za ubavuni bado zina wenzake, jozi mbili. Jozi ya tatu uzi umeiua.

Mama hakuwahi kusikia neno sambamba. Lakini vile vipande vya mshazari alikuwa akitupa sisi watoto, vizuri akiviweka vya kuuza.

Sasa nieleze kwa nini mimi, seremala wa mizinga, nina wazimu na nyuso sambamba. Ni kisa cha aibu, na kina miaka kadhaa, kwa hiyo naweza kukisimulia bila kutazama chini.

Kikundi kimoja cha wafugaji nyuki upande wa Sikonge kiliniagiza mizinga 20 ya masanduku, ile yenye fremu ndani. Nani asiyejua kwamba Tabora ni asali. Lakini wazee wengi bado wanatundika mizinga ya magogo na ya magome, na mteja anayetaka masanduku ya fremu ni mteja anayefikiria mbali, kwa hiyo nilitaka kazi iwe nzuri. Fremu zilitengenezwa na fundi mwingine. Mimi kazi yangu masanduku tu: mbao mbili ndefu za ubavuni, mbao mbili fupi za mbele na nyuma, kimo sentimita 24, kitako na mfuniko.

Anayefuga anajua, asiyefuga nimweleze. Fremu inaning'inia ndani ya sanduku kama faili kabatini. Kati ya fremu na ukuta lazima ibaki nafasi ndogo ya nyuki kupita. Nafasi hiyo ina kipimo chake, na nyuki hawana mjadala nacho. Ikiwa chini ya milimita 6 hivi, wanaiziba kwa gundi yao. Ikizidi milimita 9 hivi, wanaona kuna chumba cha bure, wanajenga sega. Katikati ya hapo wanapita tu, hawagusi. Mmarekani aitwaye Lorenzo Langstroth ndiye aliyelitia jambo hili kwenye mzinga, 1851, na 1852 akapata hataza ya mzinga wenye fremu zinazochomoka. Kabla yake watu wengi walipotaka asali walivunja kila kitu. Mimi nilikuwa nimeacha milimita 8 kila upande. Safi.

Nilipima kila sanduku. Naapa nilipima. Niliweka futikamba kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, juu kushoto. Sawa. Juu kulia. Sawa. Nikaandika sawa, nikapiga chapa, nikapakia kwenye Fuso.

Msimu wa kurina ulipofika nikapigiwa simu. Sauti ya upole, ile inayotisha kuliko kelele, ikaanza na salamu ya Kinyamwezi. "Fundi, Mwangaluka. Sanduku lako limekataa kufunguka." Nikadhani mfuniko umevimba. Nikaenda na pikipiki, nikavaa vazi la nyuki, mzee akapuliza moshi, tukafunua. Mfuniko ulifunguka vizuri tu. Fremu ndizo zilizokataa. Juu zilikuwa huru, unaweza kuzitikisa, lakini chini zilikuwa zimeshikwa na kuta pande zote mbili. Mzee akavuta moja kwa nguvu. Ikatoka na mlio wa kitambaa kinachochanika, sega likapasuka katikati, asali ikamwagikia nyuki, nyuki wakapandwa na hasira, na sisi tukaondoka pale kwa mwendo ambao sitausimulia.

Jioni, sanduku moja likiwa limeshatolewa nyuki, nikapima chini. Kwa juu urefu wa ndani ulikuwa kama nilivyoandika. Kwa chini ulikuwa umezidi milimita 8. Kila ukuta ulikuwa umeondoka nje milimita 4. Kwa hiyo ile nafasi yangu safi ya milimita 8 ilianza vizuri juu, ikashuka ikipanuka, hadi chini ikawa 12. Nyuki wakaona chumba cha bure.

Kosa langu lilikuwa kupima sehemu mbili nikadhani nimepima kuta. Nilichopima ni kingo za juu tu. Hata ningepima mara kumi pale pale juu, kushoto, kulia, katikati, ningepata jibu lile lile, kwa sababu sehemu zote hizo ziko kwenye mstari mmoja. Uso bapa haushikwi na pointi zilizo kwenye mstari mmoja. Unaweza kuuzungusha kwenye mstari huo kama mlango kwenye bawaba. Ili kuukamata unahitaji pointi tatu zisizo kwenye mstari mmoja. Ni kama kigoda cha miguu mitatu, hakiyumbi hata ukikiweka kwenye sakafu mbovu. Basi ukitaka kujua kama nyuso mbili bapa ni sambamba, pima umbali kati yake sehemu tatu, mbili juu na moja chini, futikamba ikiwa imenyooka kutoka uso mmoja kwa nyuzi 90. Zote tatu zikilingana, umemaliza. Kipimo cha tatu kingenichukua sekunde tano kwa kila sanduku.

Na kosa lilianzia wapi? Skwea. Hiyo ni ile L ya fundi ya kuchorea pembe ya nyuzi 90. Ilikuwa imeanguka kutoka benchini siku moja, ikapiga sementi, nikaiokota, nikaifuta vumbi, nikaendelea. Ilikuwa imefunguka kidogo sana, nyuzi 91 badala ya 90. Kwa jicho huoni. Kwa ubao wa kimo cha sentimita 24, nyuzi moja ile inakupa zile milimita 4.

Jambo lililonikosesha usingizi ni hili. Nilipokuwa nachora mbao za ubavuni, ncha ya kushoto nilichora mpini wa skwea ukielekea ndani ya ubao. Ncha ya kulia nikaigeuza skwea, mpini ukaelekea ndani tena. Kosa likajirudia kama kwenye kioo, kila ubao ukawa trapeza, chini mrefu kuliko juu. Kama nisingeigeuza, ncha zote mbili zingeinama upande mmoja, ubao ungekuwa msambamba, na ukuta wa mbele na wa nyuma vingekuwa sambamba kabisa. Vipimo vyote vitatu vingelingana! Na bado mzinga ungekuwa mbovu: fremu inaning'inia wima, kuta zimeinama, chini upande mmoja pangekuwa na milimita 12 na upande mwingine 4. Kule nyuki wangejenga sega, huku wangepaka gundi.

Hapa ndipo watoto wengi wanapochanganya, na watu wazima pia, nami nilikuwa mmoja wao. Sambamba si mraba. Chukua boksi la kiberiti, toa ile droo ya ndani, ubaki na ganda. Libonyeze kidogo pembeni hadi lilale. Limeinama, pembe zake si nyuzi 90 tena, linatia huruma. Lakini juu na chini bado sambamba, kushoto na kulia bado sambamba. Unaweza kulilaza karibu lote lilale na jozi zake haziachani. Ndiyo maana fundi hapimi mraba kwa kutazama kama pande zinalingana. Anapima ulalo: kona hii hadi ile, kisha zile nyingine mbili. Pande zinazotazamana zikilingana na milalo miwili ikalingana, hapo una pembe mraba. Usambamba ni sharti moja, umraba ni sharti jingine juu yake.

Masanduku yote 20 niliyarudia kwa gharama yangu. Skwea ile niliitundika ukutani na iko hadi leo, karibu na kalenda. Kila mwanafunzi anayekuja kujifunza kazi namwambia aijaribu: chora mstari kwa skwea, igeuze, chora tena kutoka pointi ile ile. Skwea nzima inapita juu ya mstari wake. Ile inaachia mwanya, na mwanya huo ni kosa mara mbili.

Tukirudi kwa binti. Alisikiliza kisa chote hiki akila embe, nikadhani hasikii. Kumbe alikuwa anatazama mizinga miwili iliyokuwa uani ikisubiri mteja, mmoja wa Kikenya na mmoja wa Kitanzania. Hiyo yote haina fremu kamili. Ina vijiti vya juu tu, vimepangwa kama dari, nyuki wananing'iniza masega humo. Kwa nyuki wetu kila kijiti upana wake ni milimita 32.

"Mjomba, ule mmoja umekosea tena?"

Hapana bwana. Mzinga wa Kikenya kuta zake za ubavuni zimeinama makusudi, juu pana, chini pembamba, kama hori la kunyweshea ng'ombe. Ukiutazama kwa mbele unaona trapeza. Ule wa Kitanzania kuta zimesimama wima, ni sanduku refu tu. Wanaoupenda wa Kikenya wanasema nyuki hawagandishi sana sega kwenye ukuta ulioinama. Wanaoupenda wetu wanasema mbao zilizosimama ni rahisi kukata na mwanafunzi hakosei. Mimi natengeneza yote, anayelipa ndiye anayechagua. Ila kwa hesabu ya binti tofauti ni hii: wetu una jozi tatu za nyuso sambamba, wa Kikenya una mbili. Mbele na nyuma, juu na chini. Ubavuni zimeachana, ukizirefusha kwenda chini zitakutana mahali fulani ardhini. Na hiyo ndiyo maana yenyewe ya neno. Euclid alilieleza hivyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita: nyuso bapa sambamba ni zile zisizokutana hata uzirefushe vipi.

Basi akaanza kuhesabu kila kitu uani. Dadu ya ludo ya mdogo wake: jozi tatu, na akagundua mwenyewe kwamba nyuso zinazotazamana ukijumlisha nukta zake unapata 7 kila mara. Ngoma: mbili bapa zinatazamana, moja ya kuzunguka haihesabiki. Mzinga wa gogo hali kadhalika, kama mrinaji amekata ncha sawasawa. Kabari ya kuzuia mlango: hiyo ni mche pembetatu, mbavu zake mbili za pembetatu ni jozi moja, basi. Kuta nyingine tatu kila moja na njia yake.

Akanipa kanuni: mche wa pembe shufwa, mbavu zina wenza, wa pembe witiri, hazina. Pembetatu hamna, pembetano hamna, pembesita tatu, pembenane nne. Kwa maumbo sawa, yale yenye pande na pembe zote kulingana, ni kweli kabisa. Nikamwonyesha banda la kuku. Banda lina kuta mbili na paa la mgongo, ukilitazama kwa mbele ni pembetano: sakafu, kuta mbili, paa mbili. Pembe tano, witiri. Na kuta zake mbili ni sambamba. Akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini hiyo siyo pembetano sawa." Nikamwambia ndiyo, na ngazi ile pale yenye kipandio kimoja, iliyokaa kama herufi L, ni pembesita isiyo sawa, ihesabu. Akahesabu. Sitawaambia alipata ngapi, kaeni mhesabu wenyewe, ila jibu si nne.

Kisha piramidi. Kabla ya chakula cha mchana nilikuwa nimemkatia mbili kutoka masalia ya mninga, vitako vya mraba, mbavu nne za pembetatu, kubwa kama ngumi yake. Piramidi ni umbo la huzuni kwa mchezo huu: nyuso tano, jozi sifuri. Kitako kinatazama chini peke yake, mbavu zote zinakimbilia kileleni. Akaziweka pembeni, hazikumvutia.

Nikazichukua, nikapaka gundi vitako, nikazigandisha kitako kwa kitako, nikazibana kwa jiliwa na kumwambia akale ugali. Aliporudi umbo lilikuwa na nyuso nane, zote pembetatu, kilele juu na kilele chini. "Ngapi?" Akaligeuza. "Sifuri mjomba, si ni piramidi mbili?"

Sikumjibu. Nilichukua pima maji, nikaliweka benchini kwanza aone kipovu kimekaa katikati, benchi liko sawa. Kisha nikalilaza lile umbo ubavuni, uso mmoja wa pembetatu ukakaa barabara juu ya benchi. Kilele kimoja kilielekea kushoto, kingine kulia, umbo limelala kama mtu mlevi. Juu kabisa palikuwa na uso mmoja wa pembetatu unatazama dari. Nikaweka pima maji juu yake, taratibu, kwa vidole viwili.

Kipovu kikatulia katikati.

Alilaza uso mwingine. Katikati. Mwingine. Katikati. Mara zote nne. Piramidi isiyo na jozi hata moja, ukiigandisha na pacha wake, inazaa nne. Nilimwona anatafuta hila kwenye pima maji, akaligeuza, akalipuliza. Hakuna hila. Kila uso wa nusu ya juu, ukipita katikati ya umbo na kutokea upande wa pili, unamkuta mwenzake ameinama vile vile. Mimi nimefanya kazi hii miaka mingi na bado kipovu kile kinanifurahisha.

Nilitaka kumalizia na nyuki, kwa sababu wao ndio mafundi niliowakosea. Nikamletea kipande cha sega kikavu. Watu wakilitazama sega wanaona pembesita na kushangaa, na ni haki yao. Mtu aitwaye Thomas Hales alithibitisha 1999 kwamba ukitaka kugawa eneo katika vyumba vilivyo sawa kwa kutumia kuta fupi kuliko zote, pembesita ndiyo jibu. Nyuki walikuwa wameshahama kwenye nyumba nyingine kabla hoja haijaisha. Lakini mimi namwonyesha mtu kitu kingine kwanza: mzinga wa gogo ukiufungua ncha, masega yanaonekana kama kurasa za kitabu kilichosimama, moja baada ya jingine, kati yake nafasi ya nyuki wawili kupishana migongo. Hakuna aliyewachorea mstari. Wanafanya hivyo gizani. Wakati mwingine wanapinda, ndiyo, hasa gogo likiwa limepinda, lakini wakipinda wanapinda wote pamoja, sega hili linamfuata lile.

Binti alitazama chumba kimoja kwa mwanga wa dirishani. "Hii nayo ni nne?"

"Hesabu."

Kuta sita, jozi tatu. Mbele pako wazi. Nyuma akaingiza njiti ya kiberiti, akasema haijafika kwenye uso bapa, imezama. Kweli: kitako cha chumba cha nyuki si bapa, ni vipande vitatu vya rombasi, kama mraba uliobonyezwa ukalala, vilivyokutana na kufanya kishimo, ili vyumba vya upande wa pili vipate kuingiliana na vya upande huu. Tatu basi, si nne. Akaandika kwenye daftari chini ya lile kosa jekundu, kwa herufi ndogo: nati 4, sega 3.

Jumatatu akaenda shule na nati mfukoni, na spana namba 13 nikamkatalia. Nikamwambia amwombe mwalimu kwa heshima, baada ya kipindi, asiseme mjomba kasema. Jioni akapitia karakana. Mwalimu aliizungusha nati vidoleni, akaipima kwa rula, akasema, "Haya," akafuta ile 1 na kumwekea vema. Kisha akawaita wanafunzi wengine watatu waliokuwa wameandika 4 na kupigiwa kosa.

"Na nati?"

"Kabaki nayo mjomba. Anasema kesho anafundisha nayo darasa la tano."

Leo ni Ijumaa. Bolti yake iko hapa mezani, haina mwenyewe.